Ndege ya Betri kwenye Ngoma ya Luhaga

Specioza Mayige,
Duka la Sola,
Somanda, Bariadi,
Simiyu.

25 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Luhaga,

Mwangaluka, Mjomba. Pokea salamu zangu za heshima. Nimekunja magoti hapa hapa dukani, wateja wananishangaa, ila wewe ndiye unayestahili. U hali gani? Lile goti linakuruhusu kutembea na ng'ombe, au bado unawachunga kwa macho tu? Mama Mhoja kifua chake kimepoa? Na huko Liwale malisho yapo, maji yapo, mnalala salama? Nawaombea hivyo kila siku.

Sisi huku ni wazima. Dada yako, mama yangu, anakula, anatembea, na anatukosoa sote tangu asubuhi, kwa hiyo afya yake huna haja ya kuiuliza. Mume wangu Machibya hajambo, karakana yake ya pikipiki na pampu za maji inaendelea. Duka langu la sola nalo linatupa ugali. Pamba tumevuna ya kuridhisha. Yule ng'ombe mwekundu uliyetuachia amezaa ndama jike, na mama amekataa katakata tumpe jina mpaka wewe useme.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini huko mliko mtandao haushiki mpaka mtu apande juu ya kichuguu, na sitaki kukuhadithia jambo hili wewe ukiwa juu ya kichuguu na goti lile. Tena hili si la kusema dakika mbili halafu simu ikakatika. Ndiyo maana nimeandika, nikampa Salvatory wa lori anayekuja huko kupakia ufuta, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Isome kwa sauti, Mjomba, Mama Mhoja na wajukuu wasikie. Ndani yake umesifiwa wewe, na mimi mwenyewe nimejisifu sana, wala siombi radhi.

Tumewashinda Wagalu.

Soma tena mstari huo, mimi nakusubiri. Tumewashinda Wagalu wa Masele mchana kweupe, Bariadi nzima inaona, na tumewashinda kwa ndege ya betri. Na aliyesema ndege hiyo iwekwe umeme, wakati kila mwanamume wa kundi anataka petroli, ni mimi Specioza mpwa wako. Sasa ngoja nianzie mwanzo, maana najua habari za mwaka jana zilikufikia vibaya na zikakuumiza.

Hao wajukuu waliozaliwa kusini waeleze kwanza. Kwetu, pamba ikishavunwa, sisi Wagika na wale Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu enzi, tunakutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake, ngoma zake na manju wake, yaani kiongozi anayetunga na kuimbisha. Watazamaji hawalazimishwi kwenda popote. Mwamuzi akipuliza filimbi ya mwisho, upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Basi. Hakuna maksi, hakuna kamati. Ndiyo maana kila kundi linahangaika kutafuta kioja: huyu na chatu, yule na sanamu, mwingine na moto mdomoni.

Kioja chetu mwaka jana kilikuwa ndege. Usidhani ni ya karatasi. Ni ndege kubwa ya rimoti, mabawa yake toka ncha hadi ncha ni karibu watu wawili waliolala kichwa kwa miguu. Machibya aliijenga kwa mianzi na sponji ngumu, akaivika plastiki nyekundu. Anayeirusha ni Imrani wa duka la simu, mtoto wa Mwanne muuza vitenge, unamkumbuka. Alifanya kazi Muscat miaka mingi, na kuendesha hizi ndege ndiko alikojifunzia. Na Machibya akaifunga injini ya petroli aliyoichomoa kwenye mashine ya kufyekea nyasi.

Ilipowaka, Mjomba, ngoma zote zilimezwa. Mimi nilikuwa mbele na waimbaji wenzangu, mdomo nimeufungua kabisa na sauti yangu siisikii. Ikaruka, na iliruka vizuri, siwezi kumnyima mume wangu haki yake. Ila injini ile haikujua kwenda polepole. Ikipunguzwa inakohoa, kwa hiyo Imrani alilazimika kuiachia, na ndege inayokimbia inazunguka mbali. Kila mzunguko ikawa inapita juu ya Wagalu. Na watu wakawa wanaifuata! Watu wetu wenyewe, jasho la ngoma yetu bado liko mgongoni, wanakimbia macho juu mpaka ng'ambo. Halafu injini ikazima huko huko. Ikatua miguuni kwa Masele, manju wao, utasema aliiagiza. Filimbi ikalia, watu wote wako kwake.

Masele hakulaza damu. Alitunga wimbo palepale: Luhaga alihama na ng'ombe wake, leo hata ndege yake imehama. Ukaimbwa sokoni, ukaimbwa na bodaboda, ukaimbwa na watoto wanaokuja dukani kwangu kuchaji simu za wazazi wao. Ule wimbo uliniuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Baada ya hapo wazee wa kundi wakakaa. Tangu wewe manju wetu uhame tulikuwa tunashindwa tu, na wapiga ngoma wazuri walikuwa wameanza kuchepuka mmoja mmoja. Uamuzi ukawa huu: tukishindwa tena mwaka huu, ngoma zetu zinapelekwa Maswa, tunamezwa na Wagika wenzetu wa Nyalikungu, na jina la Ngoma ya Luhaga linaishia hapo. Hakuna aliyepinga kwa sauti. Mimi niliondoka nimefura, nikaenda kupika, ugali ukaungua na hakuna aliyethubutu kuusema.

Kwamba tutarudi na ndege, hilo halikuwa na ubishi, kwa sababu watu walikuwa bado wanaizungumzia. Ubishi ulikuwa iende kwa nguvu gani. Machibya alitaka petroli tena, injini kubwa zaidi. Mzee Bujiku, mganga wetu wa kundi, alimuunga mkono kwa kuwa anapenda kelele. Alisema ndege isiyonguruma ni kishada. Nikasimama nikasema safari hii tunaweka umeme. Wakacheka. "Mama Sola," wananiita hivyo siku hizi, "unataka kutuuzia betri?"

Nyumbani kwangu ikawa vita ya mdomo. Machibya akasema petroli unaijaza popote na ndege inakaa juu mpaka uichoke, lakini ya betri inakaa juu dakika kumi, halafu unakaa kusubiri ichaji kama mgonjwa wa dripu. Ni kweli, sikumkatalia. Lakini nilimuuliza, baba, sisi tunapeleka mizigo Musoma? Sisi tunazitaka zile dakika za mwisho tu, kabla ya filimbi. Petroli inawaka inapotaka yenyewe: unavuta kamba, unavuta, unasali, unavuta tena. Umeme unawaka ninapotaka mimi. Mota inazungusha pangaboi kubwa la mbele kwa utulivu, haitetemeki, ndege inakwenda polepole inazunguka padogo, haivuki kwenda kwa mtu. Na ngoma inasikika! Tunakwenda uwanjani kucheza ngoma au kufyeka nyasi? Hapo akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Basi nikaichukua kazi. Mimi nauza sola, wati nazijua. Imrani akaniambia ndege ya namna ile inataka kama wati mia mbili kwa kila kilo yake ndipo iinuke bila kuhema. Tukaitundika kwenye mizani ya pamba pamoja na betri, ikafika kilo kumi. Maana yake wati elfu mbili, yaani pasi mbili za umeme zimewashwa pamoja angani. Mama aliposikia hivyo alisema tutaunguza mawingu.

Wengi walinishauri betri ya volti kumi na mbili, kwa kuwa ndiyo wanayoijua. Ukitaka nguvu yote hiyo kutoka kwenye volti kumi na mbili, waya unatakiwa uwe mnene kama kamba ya kufungia fahali, na utapata moto vilevile. Hilo nimewaimbia wateja wangu miaka yote: pandisha volti, waya upumue. Nikachagua betri nyepesi za lithiamu, nikazifunga mfululizo mpaka volti arobaini na kitu. Mzee Bujiku naye alileta msaada wake, betri nzito ya asidi kutoka kwenye trekta la mkwewe. Nilimshukuru sana, nikaiweka pembeni, akaikalia.

Mota na pangaboi viliagizwa Kariakoo kupitia ndugu zake Imrani. Kibali cha kurusha tuliomba mapema tukapewa, kwa sharti kwamba ndege iruke juu ya eneo lililozungushiwa kamba, mtu asiingie humo. Machibya akaijenga upya kuanzia pua mpaka mkia. Alikuwa amenuna, lakini mikono yake haijui kununa, Mjomba. Kila ungio lilikuwa safi. Bila yeye mota yangu ingebaki kwenye boksi lake mpaka leo, na hilo nimemwambia mbele za watu.

Sasa nakuja kwenye njuga yako.

Siku ile unahama uliondoka na njuga ya mguu wa kulia, ya kushoto ukamkabidhi Mzee Bujiku mbele ya kundi zima, ukasema mguu mmoja unabaki. Miaka yote hii imening'inia kwenye nguzo ndani kwake, na hajawahi kumruhusu mtu aivae. Siku tunamaliza ndege akaja nayo, ameisugua samli na dawa zake, akatangaza kwamba hakuna ndege ya Luhaga itakayopanda bila mguu wa Luhaga. Akaifunga mkiani kwa ukanda wa ngozi. Zile njuga unazijua mwenyewe, chuma kitupu. Imrani alipoiona aliguna. Mimi nilitaka kusema neno, ila wazee wote walikuwa wanapiga makofi, wengine machozi yanawalenga. Nikajiambia ile ni heshima tu, haina uzito.

Ilikuwa na uzito.

Tulikwenda kuijaribu kwenye shamba lililovunwa nje ya mji. Ndege ikakimbia, ikainuka, nikaanza kucheka kwa furaha, halafu pua ikaendelea kuinuka. Mkia ulikuwa unavutwa chini. Ikasimama wima kama jogoo anayetaka kuwika, ikakosa mwendo, ikaanguka kwa bawa kwenye masalia ya pamba. Bawa lile lilivunjika vibaya mno.

Machibya akaanza kuokota vipande. Wengine wakaanza: si tulisema, umeme huo. Wazee wawili walianza palepale kuulizana habari za lori la kubebea ngoma kwenda Nyalikungu. Mzee Bujiku akasema tatizo ni mwanamke kuigusa ndege baada ya dawa. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba mwanamke huyo huyo ndiye aliyefunga taa zinazowaka nyumbani kwake, na hazijawahi kuanguka.

Imrani akataka njuga itolewe. Mzee akasema ikitolewa yeye hachezi, na unajua kwamba nusu ya wapiga ngoma wetu ni wanawe. Kwa hiyo ikibaki, ndege haipandi. Ikitoka, ngoma hakuna. Nilikaa dukani kutwa nzima mbele ya ile ndege iliyovunjika, wateja wanakuja wanaondoka, roho iko juu. Niliwaza jina lako linafutwa, na anayelifuta ni mimi, mtoto wa dada yako, kwa ubishi wangu.

Ndipo nilipoona kitu ambacho petroli isingetupa kamwe. Injini imefungwa puani kwa boliti, haiendi mbele wala nyuma. Betri zangu ndizo nzito kuliko vyote vilivyomo, na hazijali zinakaa wapi! Nilipiga kelele mpaka mama akatoka ndani na mwiko. Nikamkimbilia Machibya karakana, nikamwambia anitengenezee kijitanda cha bati cha kuteleza ndani ya tumbo la ndege, betri zilale juu yake. Akaacha pikipiki ya mtu, akachukua mkasi wa bati.

Bawa likaungwa. Tukaanza kuziteleza betri kwenda mbele, kidogo kidogo, Machibya ameliinua bawa moja kwa ncha za vidole na Imrani lile la pili, njuga ipo mkiani palepale, mpaka ndege ikainamisha pua kidogo tu, kama mtoto anayeamkia. Tukazifunga hapo. Siku ya pili ikaruka. Mzee akabaki na njuga yake, mimi nikabaki na umeme wangu, na nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya shamba la watu. Machibya akasema, "Haya, Mama Sola." Kwa Machibya hiyo ni hotuba.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi iliyopita. Jua kali, vumbi, watu wametoka mpaka Kalemela. Masele naye hakuja mkono mtupu. Alikuja na tembo wa magunia, ndani wamo wanaume wanne, mkonga wake unarusha maji. Na jua lile! Watu walikuwa wanajipeleka kuloweshwa, wanacheka kama wehu. Sisi tuliimba, tukacheza, tukatoa jasho, na tulichokuwa tunakiona ni visogo vya watu wanaokwenda kwa tembo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki upande wetu, karibu peke yake, akiwatazama kwa hasira.

Ilipokaribia saa ya filimbi nikamwashiria Imrani. Akasukuma kidole, mota ikaitika mara moja, haikuvutwa kamba wala haikusaliwa. Ndege ikakimbia kwenye eneo letu la kamba nyuma ya duara, ikapanda. Ilivuma kidogo tu kama nyuki walio mbali, na ngoma zetu zikasikika pigo kwa pigo. Ikaanza kuzunguka palepale, polepole, haivuki. Watu wakageuka. Wakaanza kuja, na safari hii ilipowafikisha kwetu haikuwachukua tena kuwapeleka kwa mwingine.

Lakini tembo alikuwa bado anarusha maji. Tulikuwa nusu kwa nusu, pengine sisi pungufu. Na rimoti ya Imrani ikaanza kulia, betri zinakaribia kuisha. Akataka aishushe. Nikamtazama mwamuzi, alikuwa anaangalia saa yake, filimbi iko mkononi na bado haijafika mdomoni. Ndege ikishuka wakati ule, macho yote yanarudi kwa tembo, na ngoma zinakwenda Nyalikungu. Nikamwambia aizime mota huko huko juu, aiache iteremke yenyewe taratibu, tuupate ule muda uliobaki. "Dada Specioza," akasema, "nikizima sina nguvu ya kuipandisha tena."

Nikamwambia zima. Akazima.

Pangaboi likasimama. Wapiga ngoma wetu wakaliona limesimama, wakadhani imekufa kama ya mwaka jana, mikono ikaganda hewani. Ngoma zikanyamaza. Wagalu nao wakanyamaza, wanasubiri kuona tukiaibika. Uwanja mzima kimya, Mjomba. Na Imrani, ili ndege ipunguze kimo ikiwa bado ndani ya kamba, akawa anautikisa mkia huku na huku.

Njuga ikalia.

Hatukuwahi kuisikia. Siku zote za majaribio mota ilikuwa inazunguka mpaka magurudumu yanagusa chini. Sasa kutoka juu inakuja ile sauti, chaka, chaka, chaka, mguu wako wa kushoto, sauti ambayo kila mtu mzima wa Bariadi alikuwa anaisikia kabla hajakuona wewe mwenyewe. Bibi mmoja, tena upande wa Wagalu, akasimama akapaza sauti: "Luhaga! Luhaga huyo anakuja!" Mwingine akaitikia. Kisha wengi.

Wakavuka, Mjomba. Mwaka jana walikimbia. Safari hii walikuja wakicheza. Nikauanza ule wimbo wako wa kuingilia uwanjani, nikadhani sitaufikisha, nao wakaupokea mdomoni mwangu. Hakuna ngoma, ni miguu yao tu na njuga yako juu. Hata tembo alikuja. Naapa. Miguu ya nyuma ilitoka ndani ya magunia ikaja kutazama, ya mbele ikabaki imeshika mkonga, haijui la kufanya. Ndege ikagusa chini, ikakimbia kidogo kwa magurudumu, ikasimama karibu na kamba mbele ya Mzee Bujiku, njuga ikalia mara ya mwisho, na filimbi ikapulizwa. Hapakuwa na haja ya kutazama. Ng'ambo alikuwa amebaki Masele na nusu tembo.

Machibya alilia. Alisema ni vumbi, nikakubali ni vumbi. Mama aliinuka kwenye kiti chake akacheza, na miaka yake unaijua. Masele mwenyewe alikuja, akavua kofia, akaigusa njuga kwa vidole viwili, akasema ule wimbo wake ameuzika. Nimemheshimu kwa hilo.

Siku hizi hapa kwetu hakuna mazungumzo mengine. Mzee Bujiku anasema iliyoshinda ni dawa. Imrani anasema ni ule mtikiso wa mkia. Machibya kajaribu kuniambia kwamba hata injini ya petroli inazimika angani, na mimi nikamuuliza, na njuga ungeifunga wapi, injini ungeisogeza kwenda wapi? Kaenda kunawa mikono tena. Mimi nasema ni betri, na nitasema hivyo mpaka nizikwe.

Ngoma haziendi Maswa. Waliochepuka wamerudi, wanajifanya hawakuwahi kuondoka, tumewapokea. Jina lako liko palepale, na Machibya ameliandika kwenye bawa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, lisomeke kutoka chini. Najivunia umeme wangu, najivunia mume wangu mbishi, na najivunia kuitwa mtoto wa dada yake Luhaga. Ukisikia watu wanasema ninaringa, waambie ni kweli.

Nisalimie Mama Mhoja kwa mikono miwili, na Mhoja na mkewe Nyamizi, na wajukuu wote kila mmoja kwa jina lake. Mwanao Shija mwambie yale mabuti aliyoyaacha mlipohama bado yapo, hayajaliwa na panya. Mama anakusalimu na anasubiri jina la ndama. Machibya anakusalimu, Mzee Bujiku anakusalimu, na Imrani na mama yake Mwanne wanasema wanakuombea dua. Mungu awape mvua kwa wakati wake, ng'ombe wenu wasipungue, na goti hilo likusahau kabisa. Wabeja sana, Mjomba, kwa kutuachia mguu.

Jambo moja tu limebaki. Njuga imerudi kwenye nguzo ya Mzee Bujiku, lakini pale mkiani nimemwambia Machibya aweke ukanda wa pili. Ya kulia unayo wewe. Njoo nayo mwakani, uisikie mwenyewe ikilia juu. Uzito wake usikutie wasiwasi hata kidogo, betri nitazisogeza.

Mimi mpwa wako, nikupendaye toka ngoma ya kwanza mpaka ya mwisho,

Specioza